Kutoa kwa kukopa darasa la pili: kwa vijiti wanapata, kwenye daftari wanaandika 52 − 27 = 35

mwl_sakina (Arusha)

Habari za jioni walimu. Naomba msaada kwenye kutoa kwa kukopa, darasa la pili. Darasa lina wanafunzi 84, madawati ya watatu watatu, kipindi dakika 30. Zana zilizopo ni njiti za ufagio wa chelewa, ndoo moja ya vizibo vya soda na abakasi moja ya mbao ya mwalimu (fremu yenye shanga za kuhesabia kwenye waya).

Kutoa bila kukopa, mfano 68 − 25, wako vizuri. Shida inaanza kwenye 52 − 27. Wakiwa na vijiti, makundi mengi yanafika 25, hasa mwalimu akiwa amesimama karibu. Vijiti vikikusanywa na madaftari yakafunguliwa, karibu nusu ya darasa wanaandika 35. Wengine, hata wakiwa na vijiti mkononi, wanatandika 52, halafu wanatandika na 27 pembeni, kisha wanajumlisha vyote au wanabaki wanaviangalia. 60 − 24 ndiyo inawasumbua zaidi: napata 44, 40, 46, yaani kila dawati na lake.

Naomba kujua mambo matatu. Kwa nini cha mkononi hakihamii kwenye daftari? Zana ipi inafaa zaidi kwa hatua hii? Na kwa darasa la watu 84, zinahitajika ngapi, na zinatengenezwaje bila bajeti?

Hisabati_Pasua (Moshi)

Pole na kazi Mwalimu. Kabla ya zana, tuanze na hesabu uliyochagua, kwa sababu 52 − 27 inakuficha mambo. Mtoto anayegeuza tarakimu (7 toa 2 ni 5, kisha 5 toa 2 ni 3) anapata 35. Mwingine amekopa vizuri kabisa, 12 toa 7 ni 5, ila hakupunguza yale makumi 5, akatoa 2 akabaki na 3. Naye anapata 35. Makosa ni mawili, jibu ni lile lile, na dawa zake ni tofauti. Hili hutokea kila mara tarakimu za mamoja zikipishana kwa 5: 52 − 27, 43 − 8, 61 − 36. Siku ya kupima ziache hizo.

Andika hizi tatu ubaoni, wafanye bila vijiti, dakika tano zinatosha.

52 − 29. Jibu sahihi ni 23. Aliyeandika 37 amegeuza. Aliyeandika 33 amekopa lakini hakupunguza makumi.

41 − 9. Sahihi ni 32. Ukiona 48 amegeuza, ukiona 42 hakupunguza.

60 − 24. Sahihi ni 36. Mwenye 44 amegeuza, amefanya 4 toa 0. Mwenye 46 hakupunguza. Mwenye 40 ameona sifuri haina kitu cha kutolewa, akaandika sifuri akaendelea. Kwa hiyo yale majibu uliyoyaona hayajatawanyika ovyo. Kila moja linakuambia mtoto alipita njia gani.

Jibu likikosewa kwa moja tu, mfano 24 badala ya 23, hapo kukopa anakujua. Anahesabu kurudi nyuma akianza na namba yenyewe: "kumi na mbili, kumi na moja, kumi..." akishataja namba tisa anasimama kwenye 4 badala ya 3. Huyo anahitaji mazoezi ya namba ndani ya 20, usimpotezee muda na vitita (vijiti kumi kumi vilivyofungwa kwa mpira).

Sasa wale wanaotandika 52 na 27 pamoja. Hili ndilo kosa kubwa la kutumia zana, na mara nyingi linatokana na mazoea ya kujumlisha, ambako namba zote mbili hutandikwa. Kwenye kutoa kwa kuondoa, inatandikwa namba ya kwanza peke yake. Zile 27 zimo ndani ya 52, hazipo nje. Ukitandika zote mbili una vijiti 79 mezani, na mtoto yuko sahihi kabisa kuchanganyikiwa. Namba ya pili iandike kwenye kadi, iwekwe juu ya mkeka wa nafasi. Kadi inamwambia atoe ngapi, basi.

Kila kundi liwe na mkeka wenye safu mbili, Makumi kushoto na Mamoja kulia, pamoja na kopo tupu la kuwekea vilivyotolewa. Kwa 52 − 29 mwendo ni huu:

Kundi linaweka vitita 5 vya kumi kumi upande wa makumi na vijiti 2 upande wa mamoja. Mwandishi anaandika 52 − 29 wima kwenye daftari.

Unauliza: "Kwenye mamoja tunatakiwa kutoa 9. Tunazo?" Waangalie vijiti, wajibu hazitoshi. Hapa ndipo mgeuzaji anaponaswa, kwa sababu kwa mkono hawezi kuvuta vijiti 9 kwenye viwili.

Mtoto mmoja anachukua kitita kimoja, anafungua mpira, anavihesabu vijiti kumi kwa sauti na kuvisogeza upande wa mamoja. Hapo hapo, kabla ya kugusa kingine chochote, mwandishi anakata 5 anaandika 4 juu yake, na kwenye mamoja anakata 2 anaandika 12.

Wanatoa 9 kwenye 12 wanaweka koponi. Vimebaki 3. Mwandishi anaandika 3 chini ya mamoja. Wanatoa vitita 2 kwenye 4, vinabaki 2, wanaandika 2 chini ya makumi.

Mwisho wanamwaga kopo kwenye mkeka: 23 zilizobaki na 29 zilizotolewa. Wafunge upya vijiti kumi vya mojamoja, wahesabu. Lazima irudi 52. Usiuruke uhakiki huu hata muda ukibana, maana ndio unaowaonyesha kwamba hakuna kijiti kilichozaliwa wala kupotea wakati wa kufungua.

Swali lako la kwanza linajibiwa hapo kwenye hatua ya tatu. Vijiti vikifanywa nusu ya kwanza ya kipindi na daftari nusu ya pili, mtoto anajifunza kazi mbili zisizojuana. Kila tendo la mkono liache alama yake kwenye daftari papo hapo, tendo moja alama moja. Ukiona kundi limemaliza vijiti lote halafu ndipo linaandika, lirudishe mwanzo kwa upole.

fundi_zana (Moshi)

Naongezea upande wa kutengeneza, kwa sababu zana zikiwa mbovu hata hatua nzuri kama hizo zinakwama.

Idadi kwanza. Kwa namba hadi 99 kila kundi linahitaji vijiti 100: vitita 9 na vijiti 10 vya mojamoja. Makundi ya sita sita ni makundi 14, yaani vijiti 1,400 na mipira 126. Ukitaka ya wanne wanne ni makundi 21, vijiti 2,100 na mipira 189. Kwa kuanza chukua sita sita: unageuza dawati la mbele likaangaliana na la nyuma yake, na kila mtoto anapata kazi. Mmoja anashika kadi, mmoja anatandika, mmoja anafungua vitita, mmoja anaandika, mmoja anasema kinachofanyika, mmoja anahakiki. Zizungushe kazi kila hesabu, la sivyo wawili wenye kasi watafanya zote na wanne watakuwa watazamaji.

Vijiti: njiti za chelewa zina tatizo. Ni nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine, kitita kinalegea na njiti zinachomoka. Huku kwetu matete ya kulishia ng'ombe yapo karibu kila shamba. Chagua mashina membamba, unene wa penseli au chini kidogo, yakauke siku tatu nne kivulini, kisha kata kila kipande sentimita 12. Shina la mita moja na nusu linatoa vipande 12, kwa hiyo 1,400 ni mashina kama 120. Sugua ncha kwenye sakafu ya saruji hadi zisichome. Yakikatwa mabichi yanasinyaa na mipira inalegea baada ya wiki, kwa hiyo usifanye haraka kwenye kukausha. Ukikosa matete, vijiti vya mishikaki vinafaa sana kwa sababu vinalingana, ila kata ile ncha kali yote kabla havijaingia darasani. Njiti za kiberiti na za kuchokolea meno achana nazo: ni ndogo kwa vidole vya miaka saba, na zikidondoka haziokoteki.

Mipira: tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi yeyote. Ikate kwa upana kama pete, milimita 5 kila moja. Tyubu moja inatosha mipira 126 na nyingi zinabaki. Pete hiyo ni pana kuliko kitita, hivyo huzungushwa mara mbili. Jaribu na mtoto mmoja kabla ya kukata zote. Akishindwa kuifungua ndani ya kuhesabu tano, imekaza mno na kipindi chako kitaishia kwenye mipira. Mipira ile ya kufungia noti ni rahisi kupata lakini inakakamaa na kukatika upesi ikiachwa juani.

Mkeka: manila inapendeza, haidumu. Kiroba cha kilo 50, kile kilichosukwa, ukipasue ubavuni na chini, ukate vipande vinne. Piga mstari wa katikati kwa kalamu ya wino usiofutika, andika MAKUMI na MAMOJA. Kinakunjwa, kinafutwa vumbi kwa kitambaa kibichi. Choma kingo kidogo kwa moto wa mshumaa (mwalimu afanye mwenyewe, nje ya darasa) ili nyuzi zisifumuke.

Vizibo vya soda vina meno yanayokwaruza na vinapata kutu. Tafuta vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, vya rangi mbili. Hivyo tumia kwa namba ndogo na kwa kulinganisha. Kwenye kukopa usivitumie, kwa sababu kifuniko hakifungiki kuwa kumi.

La usalama, naomba lichukuliwe kwa uzito: mbegu za mbarika na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri zisiingie darasani kabisa. Zinavutia macho, watoto huziokota kirahisi, na ni sumu kali zikitafunwa. Maharage ni chakula, lakini mtoto mdogo hulisukuma puani, linavimba kwa unyevu na kutoa ni kazi ya hospitali. Pia maharage hubunguliwa, unafungua kopo unakuta unga. Kwa umri huu vijiti ni salama na vinahesabika vizuri zaidi.

MamaHesabu_Usa (Usa River)

Shukrani kwenu nyote. Nigusie wale walioandika 24 badala ya 23, kwa sababu kwenye darasa la 84 huwa wengi kuliko tunavyodhani, na kukopa hakutakaa sawa kama 12 − 9 bado inahesabiwa kwa vidole.

Zana ya hapa ni trei ya mayai. Trei ya kawaida ina nafasi 30, safu sita za tano tano. Ikate kila baada ya safu mbili, unapata vipande vitatu vya nafasi kumi kumi, mbili kwa tano. Kwa makundi 14, vipande viwili kila kundi, ni trei 10 tu na vinabaki viwili. Chukua zisizo na madoa ya yai lililopasuka. Trei za karatasi haziosheki na yai bichi linaweza kubeba vijidudu. Za plastiki osha kwa sabuni. Ukikosa kabisa, chora visanduku kumi kwenye boksi.

Fanya 13 − 8. Jaza kipande kimoja vifuniko kumi, vitatu vikae nje. Mtoto anatoa 8 kwenye ile kumi iliyojaa. Anaona papo hapo nafasi mbili zina vifuniko, pamoja na vitatu vya nje ni 5. Hakuna kuhesabu kurudi nyuma. Atajifunza mwenyewe kwamba kutoa 8 kwenye kumi daima kunaacha 2, kutoa 9 kunaacha 1, na hapo 12 − 9 inakuwa 1 na 2, basi. Anza na kutoa 9 siku mbili tatu, kisha 8, kisha 7. Ukichanganya zote siku ya kwanza wanarudi kwenye vidole.

Sharti moja: jaza safu ya juu kwanza tano zote, ndipo ya chini. Akijaza ovyo, jicho haliwezi kuona 7 kama tano na mbili, na trei inageuka kuwa kikapu tu cha kuhesabia.

Mstari wa namba nao ni mzuri, uchorwe sakafuni kwa chaki, 0 hadi 20, hatua ya sentimita 30. Lakini useme wazi kinachohesabiwa ni miruko, si namba. Kwa 9 − 4 mtoto anasimama juu ya 9 akiwa kimya. "Moja" anaitamka akishatua kwenye 8. Anayesema "moja" akiwa bado juu ya 9 ataishia 6, na ndiye yule yule anayekosea kwa moja kwenye daftari.

Jambo jingine linalosahaulika. Hisabati_Pasua ameeleza vizuri kwamba namba ya kwanza ndiyo inatandikwa peke yake, na kwa kuondoa ni kweli tupu. Ila kuna kutoa kwa kulinganisha: Neema ana parachichi 9, Baraka ana 5, Neema amemzidi Baraka kwa ngapi? Hapa hakuna kinachoondolewa. Namba zote mbili zinatandikwa, kwa rangi mbili, safu moja juu ya nyingine, kifuniko kwa kifuniko kuanzia kushoto. Kisichokuwa na mwenzake ndicho tofauti. Wanafunzi waliozoea kuondoa tu wakikutana na "amemzidi kwa ngapi" hujumlisha wakapata 14, kwa kuwa wamesikia neno la kuzidi. Zisifundishwe kipindi kimoja. Kulinganisha kuje wiki nyingine, na kwa vifuniko, ili mkono wenyewe utofautishe: vijiti na kopo ni kuondoa, safu mbili za vifuniko ni kulinganisha.

mwl_sakina

Asanteni sana walimu wangu, hili la 35 kubeba makosa mawili sikuwahi kuliona likiandikwa popote. Nitapima kwa 52 − 29.

Naomba bado mniongoze. Abakasi iachwe kabisa? Mzazi mmoja amependekeza wachangie kila dawati lipate yake. Halafu wapo wazazi wanaowafundisha nyumbani njia ya kuongeza kumi juu na moja chini, watoto wanachanganya. Na tukifika mamia, 304 − 127, vijiti vitatosha? Mwisho, vijiti viondolewe lini?

mdau_himo (Himo)

Mwalimu, mchango wa wazazi usiupeleke kwenye abakasi kwa sasa. Kwenye abakasi shanga ya makumi na shanga ya mamoja zina ukubwa ule ule. Kumi inakuwa kumi kwa sababu tu ya waya ilipo. Mtoto ambaye bado hajaamini kwamba kitita ni vijiti kumi, ukimwambia "toa shanga moja hapa, weka kumi pale", anafuata tu amri. Kitita anakifungua mwenyewe na vijiti ni vile vile. Kwa hiyo abakasi ije baadaye, vijiti vikishaeleweka, na hapo inasaidia kweli kwa sababu inafanana zaidi na tarakimu za kwenye daftari.

Daraja zuri kati ya hivyo viwili ni hela. Kata vipande vya boksi, vya mstatili viandikwe 1000 na vya duara viandikwe 100. Shilingi 5,200 ni vipande vitano vya 1000 na viwili vya 100. Unanunua vitu vya 2,700. Mia saba haitoki kwenye mia mbili, lazima elfu moja ichenjiwe. Ni 52 − 27 ile ile, na watoto wengi wa darasa la pili wameshatumwa dukani. Mambo mawili ya kuangalia. Kila kundi liwe na kisanduku cha benki chenye vipande 10 vya 100 vya akiba, kwa kuwa hela haifunguki kama kitita, inabadilishwa. Na usiweke vipande vya 200 na 500 ingawa sarafu zake zipo, kwa sababu vinavunja ile kanuni ya kumi kwa moja unayoifundisha.

Kuhusu wazazi: njia yao si ya makosa. Ukiongeza kumi kwenye mamoja ya juu na kumi moja kwenye makumi ya chini, tofauti haibadiliki. 52 − 29 inakuwa 12 − 9 na 5 − 3, jibu 23. Shida ni kuchanganya: mtoto anakata 5 kuwa 4 kama alivyofundishwa shuleni, na pia anaongeza 2 kuwa 3 kama alivyofundishwa nyumbani, anapata 13. Ukiona jibu limepungua kwa kumi kamili, ndiyo sababu. William Brownell na Harold Moser walizilinganisha njia hizi mbili kwa watoto wa darasa la tatu Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1949. Kufungua kumi, ikifundishwa kwa kueleweka, ilifanya vizuri. Vijiti navyo vinaionyesha hiyo moja kwa moja, ya wazazi haionyesheki kirahisi. Waeleze wazazi kwenye kikao, wape na mfano mmoja ulioandikwa, waombe wasaidie kwa njia ya darasani.

Hisabati_Pasua

Nakubaliana na mdau_himo kwa yote. Nimalizie mamia na lini vijiti viondoke.

Mia ni vitita kumi vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Huhitaji kwa kila kundi. Seti moja ya vijiti 400 mbele ya darasa inatosha, na watoto watano wanakuja kufanya huku wengine wanaandika. 304 − 127: weka mia tatu, safu ya makumi tupu, vijiti vinne. Kutoa 7 kwenye 4 hazitoshi. Wanaenda kwenye makumi, hakuna kitu. Waache wakae na tatizo hilo kidogo, usikimbilie kuwaambia. Kisha kamba ya mia moja inafunguliwa: mia zimebaki 2, makumi yamekuwa 10. Andika. Sasa kitita kimoja kati ya hivyo kumi kinafunguliwa: makumi yamebaki 9, mamoja yamekuwa 14. Andika. 14 toa 7 ni 7, 9 toa 2 ni 7, 2 toa 1 ni 1. Jibu 177. Ile 9 ndiyo inayowashinda wengi kwenye daftari, wanaikariri bila kujua imetoka wapi. Aliyewahi kuona vitita kumi vikibaki tisa mbele ya macho yake haulizi tena. Kosa la kutazamia ni mtoto kuruka kutoka mia moja kwa moja kwenda mamoja, akiacha makumi yakiwa 0. Kwa vijiti haiwezekani, kwa sababu ukifungua kamba unakuta vitita.

Kati ya vijiti na tarakimu tupu weka hatua ya kuchora. Mstari wima ni kumi, nukta ni moja. Kwa 52 anachora mistari mitano na nukta mbili. Kufungua ni kukata mstari mmoja na kuchora nukta kumi, katika safu mbili za tano tano kama trei ya MamaHesabu. Vilivyotolewa anavizungushia duara. Daftari la mraba linasaidia nukta zisiparaganyike. Hatua hii haihitaji zana yoyote, na ndiyo anayoenda nayo nyumbani.

Kuondoa vijiti usitazame kalenda, tazama jambo moja: je, kabla ya kugusa chochote, mtoto anajua kama kitita kitafunguliwa? Andaa kadi 12 zenye hesabu, mfano 63 − 28, 75 − 42, 80 − 30, 41 − 9, 96 − 90, 50 − 7. Hakuna kukokotoa. Kundi linazigawa tu mafungu mawili, FUNGUA na USIFUNGUE. 80 − 30 na 96 − 90 zimewekwa makusudi: wanaofungua kwa mazoea kila wakionapo sifuri watazitupa upande wa FUNGUA. Mtoto anayezigawa kadi zote sawa na kueleza sababu ya mbili kati yake, mpe daftari bila vijiti. Anayekosea tatu au zaidi abaki na vitita, hata kama majibu yake ya jana yalikuwa sahihi, kwa sababu huenda aliyafuata kwa jirani.

Kwa dakika 30, usipange hesabu nyingi. Tano za kugawa zana na kutandika, kumi na tano kwa hesabu mbili tu kamili pamoja na uhakiki wa kopo, tano za kadi au kuchora, tano za kufunga vitita na kuhesabu hadi kila kundi lirudishe vijiti 100. Kufunga huko ni kazi ya watoto wenyewe, usiwafanyie. Kundi likikabidhi vitita tisa na vijiti vinane, waambie wapige magoti watafute viwili chini ya dawati kabla ya kengele.